Mashine ya Gaudensi

Ijumaa. Baridi ya mwezi wa saba. Ukungu umeng'ang'ania Mbinga karibu asubuhi nzima. Nimevaa koti la Gaudensi, na bado natetemeka.

Koti nilipewa Jumamosi iliyopita kule Maguu, siku tulipoanua matanga yake. Mjomba wake aliligeuza, akalikung'uta, akaninyooshea. "Chukua, wewe mtoto wa usipa. Huko kwenu Liuli ziwani, kwenye dagaa wenu, hamjui baridi." Watu wakacheka kidogo. Nami nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye mibuni, nikasimama huko mpaka macho yalipokauka.

Gaudensi alikuwa mkubwa wangu katika ofisi yetu ya wakulima wa kahawa. Mimi ni karani tu, ingawa nina cheti kizuri. Yeye ndiye aliyeifunga ile seva ya Linux iliyoko chumba cha nyuma, na ndani yake akatengeneza mashine pepe: kompyuta kadhaa zinazoishi ndani ya kompyuta moja, kila moja ikijiona iko peke yake. Moja inaitwa Kahawa. Hiyo inatunza uzito wa kahawa ya kila mkulima tangu msimu uanze. Nyingine inaitwa Barua. Ya tatu aliipa jina lake mwenyewe, na siku zote niliiona imezimwa.

Mimi alinigeuzia utani akaniita Padri, kwa sababu sikubonyeza kitu kabla ya kumweleza kwanza, kama anayeungama. "Haya Padri," alikuwa akisema bila kugeuka, "leo unaungama nini?"

Leo sikuwa na wa kumweleza.

Muda wote wa msiba sikuigusa mashine yake. Hakuna aliyenikataza. Lakini sisi vitu vya marehemu hatuvifungui kabla ya matanga kuanuliwa, na mashine ile niliihesabu kama sanduku lake la nguo. Hata kuchungulia niliona ni utovu wa adabu. Matanga yakishaanuliwa, vitu hugawiwa, chumba hufagiliwa, maisha yanaendelea.

Asubuhi mama meneja akaniita. Alitaka mashine mpya kwa ajili ya hesabu za ghala. Tangu biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa kila mwenye gari na mizani, wanunuzi binafsi wanafuata wakulima hadi shambani, na sisi tukichelewa kidogo tu tunaachwa. Nikamwambia diski imejaa.

"Si ipo ile ya marehemu?" akasema kwa upole. "Tumeshaanua, mwanangu. Iondoe."

Nikaiondoa. Niliandika amri ya kufuta, nikafumba macho kama mtu anayemwagia jeraha dawa, nikabonyeza.

Kisha nikafungua maelezo ya diski ya Kahawa, nipate kuiga ukubwa wake. Hapo nikaona mstari ambao sikuwahi kuusoma. Ulisema diski hii haijitoshelezi. Imeegemea faili lingine lililo chini yake. Jina la faili lile ni lile nililotoka kulifuta.

Nikaangalia Barua. Nayo vilevile.

Nikaelewa. Gaudensi alijenga mashine moja kamili, akaizima, kisha akazitandika nyingine juu yake, kila moja ikiandika yaliyo tofauti tu. Nakala tunazoweka kwenye diski ya nje ni za tabaka la juu. Bila ile ya chini ni paa bila nyumba. Ningeichungulia hata mara moja wakati wa msiba ningejua. Heshima yangu ndiyo iliyonipofusha, na siwezi hata kuijutia.

Lakini Kahawa ilikuwa bado inafanya kazi. Dirishani mwenzangu alikuwa anamsomea mkulima mmoja kutoka Kingerikiti uzito wake, na namba zilitoka sawasawa.

Hapo nikakumbuka somo alilonipa Gaudensi siku moja tunakunywa chai. Kwenye Linux, ukifuta faili unafuta jina lake tu. Kama kuna programu iliyolishika, mwili wake unabaki, mpaka wa mwisho aliyelishika aliachie.

Kahawa na Barua zilikuwa bado zimelishika. Umeme ukikatika, zingeachia. Na umeme wetu tunaujua. Betri ya akiba nayo imezeeka.

Nilichomeka diski ya nje. Nikatafuta mlango wa pembeni ambao mfumo unaweka kwa kila programu inayofanya kazi, nikalikuta faili lisilo na jina, nikaanza kulinakili. Nilikaa nikiitazama taa ya ukutani badala ya skrini. Mama meneja akachungulia.

"Tayari?"

"Bado kidogo, mama."

"Wewe na bado kidogo zako." Akaenda zake.

Umeme ulikatika baada ya chakula cha mchana. Nakala ilikuwa imeshakamilika. Betri ikalia, nikazima mashine zote kwa utaratibu, nikakaa gizani na koti lake. Uliporudi, nikalirudisha faili mahali pake na kwa jina lake lilelile, nikaiwasha Kahawa. Ikachelewa. Ikaniweka sana. Kisha ikafunguka, na uzito wa wakulima wote ulikuwemo.

Nilichukua simu kumpigia Gaudensi. Nilikuwa nimeshafika kwenye jina lake.

Nimejifunza jambo jingine leo, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Mashine yake haitawashwa tena. Ukiiwasha itaandika kitu, hata kidogo, na zilizoiegemea zitaharibika. Ndiyo maana aliizima. Kazi yake ni kulala bila kuguswa ili nyingine ziendelee kufanya kazi. Mama meneja hajui. Mkulima wa Kingerikiti alikunja karatasi yake, akaaga, akaondoka, naye hajui.

Jioni mama meneja alipita akifunga madirisha. "Umeiondoa ile?"

Nilisema nitamweleza Jumatatu. Akaliangalia lile koti, akaendelea na madirisha.

Kwa hiyo Jumatatu nitaingia ofisini kwake kabla sijaketi kwangu. Nitasema nilifuta bila kutazama, nusura tupoteze msimu mzima, na mashine ya Gaudensi inabaki. Tununue diski nyingine. Huenda nikaachishwa kazi. Naogopa, sitadanganya hapa.

Maguu wameshaanua matanga. Huku kwenye chumba cha nyuma bado nimeshika, sijaachia.

Haya Padri. Nani atakuuliza sasa unaungama nini?