Kituo cha Wazee, na Bi Mwanamvua wa Zahanati

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Salamu zikufikie huko Jeddah. Tumefurahi kuwa kafili wako mpya, huyo mwajiri unayemfanyia kazi za nyumbani mtaa wa Al-Hamra, anakuachia simu, maana ulipokuwa Riyadh tulikaa muda mrefu bila kukusikia. Mamako hajambo, na dadako Riziki amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza mbona tunapigania kituo cha wazee cha kushindia mchana kwenye mikutano ya wadi, ilhali mwakilishi wetu anataka fedha zijenge paa la soko. Ukasema, "Nyanya, kwani sisi hatukutoshi?"

Nilipokuwa msichana nilikuwa nikifagia zahanati ya hapa kwetu. Jirani yetu, Bi Mwanamvua, hakukosa kwenye foleni kila wiki. Wanawe walimtunza, ila kutwa walikuwa shambani. Siku moja daktari alimpima asione kitu.

"Unaumwa wapi, mama?"

"Siumwi, mwanangu. Hapa napata watu wa kuzungumza nao."

Daktari akamwambia kwa upole asirudi, nafasi ni ya wagonjwa. Wiki iliyofuata nilimkuta amekaa nje ya lango, akiwasalimu wanaoingia.

Mnatutunza vizuri, mjukuu wangu. Ni mchana tu ndio mrefu.

Juzi niliyaeleza hayo mkutanoni. Fedha bado hazijapitishwa. Lakini watu walipotawanyika, mwakilishi alinifuata akasema polepole, "Mamangu naye kila wiki yuko zahanati. Nilidhani ni mgonjwa."

Mungu akuweke salama kwenye nyumba za watu.

Nyanya yako,
Mwanasha, somo yako