Mugini Si Mjini

Siku ya kwanza ya kazi, 3 septemba 1973

Munkoyo kikombe kimoja, halafu jua mbele ya mulango. Mugongo unauma. Barua yetu ya kuomba pesa ku biro ya mila kule Kolwezi niliandika mi mwenyewe, kurasa mbili, bila kosa hata moja. Hata padri hawezi.

Uongo. Katekista njo aliandika. Mi nilisimama nyuma yake, namupulizia moshi ya tumbako mu masikio. Lakini neno moja ni yangu. Yeye aliandika "kijiji". Nikamunyang'anya kalamu, nikafuta. Kijiji ni Kiswahili ya misa. Hapa kwetu, penye mihogo, batu banasema mugini. Nikaandika mugini, kubwa, na wino mingi.

Tunaomba kidogo: ngozi ine za mivukuto ya kupuliza moto, na unga ya kulisha banaume sita siku kumi. Yaya yangu Kapenda, ndugu yangu mukubwa, apike shaba mbele ya bijana, kama bankambo, babu zetu ba zamani. Baba alimufundisha kwa kujificha, bazungu balikuwa balikataza. Leo anayejua ni yeye peke yake. Mi nilipiga mivukuto tu, na nilikuwa muvivu.

Siku ya ine, 6 septemba

Yaya anakohoa. Anasema lazima kazi iishe mbele ya mvua, tanuru ya udongo ikilowa ni basi. Nikamuuliza: na mwaka yenye kukuja? Aliangalia mikono yake.

Nachukia vile anaangalia ile mikono.

Posho, siku ya sita, 15 septemba

Salumu, mwenye kamyo ya samaki, alisimama hapa akitoka Fungurume. Anasema biro imelipa pesa ya mila. Bamama bakapiga bigelegele. Hata chef wa mugini alitabasamu, mutu anayechunga meno yake kama mbuzi ya mahari.

Pesa yenyewe haijafika.

Siku ya tatu, 19 septemba

Nilipanda kamyo ya Salumu mpaka Kolwezi. Biro. Karani kijana, koti yake ya abakosi imepigwa pasi mpaka inakata. Amesoma mbali. Kiswahili yake inatembea na biatu.

"Pesa zimeshalipwa, tata. Kwa kikundi cha ngoma cha hapa."

"Barua ni yetu!"

"Barua yenu inasema pesa ni za kulinda mila za mjini." Akatia kidole. "Soma mwenyewe."

"Mugini! Mugini ni kwetu, kwenye mihogo na mbuzi!"

"Kwa Kiswahili safi, tata, mjini ni hapa penye taa."

Benzake bakacheka. Nikamwambia mama yake alimuzalia chini ya taa, njo maana hakuona tena. Bakanitosha inje.

Alikosea ao alifanya makusudi? Barua ilikuwa na jina ya chef, jina ya muto, na harufu ya mbuzi. Alijua. Pesa ya Leta, ya serikali, haijapotea njia hata siku moja ikaangukia mu mugini. Ikipotea, inapotea upande wa taa. Jimbo muzima baliipa jina Shaba, kwa kelele na ngoma. Mwenye kujua kuipika habamupe hata ngozi ya mbuzi.

Lakini mulango ni mi niliwafungulia. Neno moja. Mujinga mi.

Siku ya Mungu, 23 septemba

Sikumwambia Yaya. Nilisema pesa iko njiani. Mwoga.

Ameanza kukanda udongo ya kichuguu. Muzee ya myaka makumi munane, magoti chini, anakanda. Nikapiga magoti karibu yake. Aliniangalia sana.

"Weye, umeiba nini?"

Posho, 29 septemba

Nilirudi Kolwezi kuona pesa yetu inacheza. Imevaa bizuri, kitambaa ya namna moja, bakubwa ya Leta kwenye biti. Katikati ya kiwanja, tanuru. Nikakaribia. Karatoni ya sabuni! Balipaka rangi ya udongo, mu tumbo balitia balambu nyekundu, taa ya umeme. Babinti ya Dilala, mutaa wa Kolwezi, banaizunguka, banaimba bankambo balipika shaba. Banacheza muzuri, nisiseme uongo. Kosa si yao.

Nikaingia kati. Nikajaza kiko yangu tumbako, nikaitia mu ule moto, nikavuta. Nikavuta tena. Nikageukia bakubwa, nikatikisa kichwa kama mama mwenye kuni mbichi. Kiwanja muzima bakafa na kicheko.

Polisi bawili bakanibeba kwa makwapa. Karani hakucheka. Nililala na furaha.

Siku ya ine, 4 oktoba

Salumu ameleta jibu ya biro. Jina ya mugini wetu imefutwa. Tusiandike tena, bazee yetu habana adabu.

Njo bei ya kicheko yangu. Na si mi nitailipa.

Nikamwambia Yaya yote. Ya kiko alicheka mpaka akakohoa. Ya neno hakucheka.

"Ulifuta kijiji?"

"Nilifuta."

Akageukia ukuta.

Siku ya kwanza, 8 oktoba

Chef alichinja mbuzi, akatoa ngozi. Mujane mumoja akatoa ingine. Tuko na mbili, tunatafuta ine. Katekista alileta unga kidogo, bila kunilaumu. Ingefaa anitukane. Mawingu.

Siku ya kwanza, 15 oktoba

Mvua. Tangu asubuhi. Tanuru imelala ubavu kama mulevi. Nilitukana biro, nikatukana mvua. Nikajitukana mwenyewe, na hapo njo sikukosa maneno.

Siku ya ine, 18 oktoba

Leo Yaya aliniita. Alisema: weye wa kuharibu barua, andika. Akasema mawe ya kijani bankambo balichimba wapi. Akasema muti gani unatoa makaa. Niliandika polepole, kila neno vile yeye alisema. Halafu nikauliza moto unakuwa na rangi gani saa shaba inataka kushuka.

Akafunga macho. "Ile haisemwi. Inaonekana."

Sasa amelala. Anapumua kama muvukuto ya kupasuka.

Yaya, hii siwezi kukuambia mu macho. Ule mwaka batu ya mine, ya machimbo ya bazungu, balikuja na kamba kukamata bijana, mi nilikuwa mutoto wa myaka kumi. Nikasimama mu mulango nikasema umekufa. Nikalia kabisa. Weye ulikuwa chini ya mikeka. Balinipiga kofi moja, bakaenda. Ile deni hujanirudishia.

Nirudishie sasa. Ni kidogo tu. Usife mpaka mvua iishe, majani yakauke tena.