Ndoo Ilikuwa Tupu

Jumatano, Mlali. Upepo na vumbi tangu asubuhi, hata kuku wamekataa kutoka.

Wote wanaisimulia vibaya. Kisimani, kanisani, kilabuni, kila mtu ana yake. Mimi sikukanyaga darasa, ila nasema na simu inaandika. Kweli iko kwangu.

Neema, mke wa mwanangu, alikaa miaka bila mtoto. Wakatibiwa Dodoma mjini mpaka mimba ikashika. Daktari akamwambia usilale tu kama gunia, tembea kila siku, taratibu. Akaja kukaa kwangu. Nani mwingine wa kumtembeza? Miguu hii ilishakwenda Kongwa na mbuzi, mbuzi akachoka, nikambeba.

Sasa kwetu mwanamke hatembei bure. Ukipita mikono mitupu asubuhi, watu wanauliza msiba uko wapi. Basi nikambandika ndoo tupu kichwani, tukawa tunakwenda kisimani na kurudi. Nikajiona mjanja kuliko sungura.

"Mama, unahema kama trekta," ananiambia njiani.

"Nyamaza wewe tela, kazi yako kuvutwa!"

Mimba kufika miezi minne, ikatoka.

Hapo sina utani.

Kijiji kikasema mama mkwe kamtwisha maji. Jirani yangu Mama Daudi kanifuata hadi mlangoni: "Mimba imetafutwa kwa shida hivyo, wewe unaibebesha ndoo?" Ndoo tupu! Tupu! Na daktari alishasema kutembea hakukuitoa. Nani anasikiliza?

Kijiji nitakimudu. Shida ni Neema, naye kaanza kuamini. Analala kauelekea ukuta, hata uani hatoki. Mjini wanasema anaweza kujaribu tena. Hataki. Anasema miguu yake imeua mtoto.

Nikatafuta mzaha wa kumjibu. Mzaha usingefaa, nikatafuta kitu kingine.

Leo nimekaa kitandani kwake, nikamsimulia mimba yangu ya kwanza. Jinsi mama mkwe wangu alivyonilaza ndani, sikunyanyua hata kikombe, na bado ikatoka. Jinsi nilivyoificha siku zote.

Kanigeukia. "Hukutembea kabisa, mama?"

"Kabisa, mwanangu. Nililala kama wewe hapo."

Neema kalia mpaka mto ukaloa. Nami nikalia, maana yule aliyetoka alikuwa mjukuu wangu, na sikuwa nimemlilia bado. Baadaye Neema kavaa kandambili, kaenda mpaka uani, kasimama kwenye vumbi kashika ukuta. Kisha karudi kulala.

Kama kesho atatoka tena, sijui.

Wewe unayesoma, usimfikishie hili. Nimezaa saba, wote walifika siku zao, na kila mimba nilitwanga mpaka siku ya uchungu. Ningejisifia hilo mpaka naingia kaburini. Sasa mbele yake siwezi tena.

Ile mimba iliyotoka nimelala, hiyo moja nimeitunga kwa mdomo.