Kando ya Lori la Baba Kibonge

19 Desemba

Mama,

Shikamoo. Naomba radhi kwanza. Tangu niondoke sijakuandikia, na najua umekuwa ukitoka nje kila basi linapopita. Sikuwa na neno la kukufurahisha, nikawa naahirisha. Hujambo lakini? Mgongo unasemaje? Sisi wazima, ila Kibonge anakohoa, na ule ubonge umeanza kumtoka. Kwenye mabasi kila mtu ana mizigo ya Krismasi. Sisi tunaulizia lori tu.

Lori nimelipata, Mama. Ni lile lile la kijani, taa moja imefungwa kwa waya. Limeegeshwa kwenye yadi ya kiwanda kilichofungwa kwa sikukuu. Mwanao, Baba Kibonge, hayupo. Dereva naye amekwenda kwao, na hapa hakuna anayejua kwao ni wapi. Mlinzi, mwenye Kiswahili cha kuokoteza, ameniambia, "Utingo atarudi. Blanketi lake si hilo chini ya turubai?" Nimelinusa. Ni lake.

Lakini mama anayeuza chai getini anasema lori hili lilisimama mji wa nyuma, mlangoni pa hospitali, likashusha mtu. Mlinzi akamcheka: "Wewe uliliona wapi, ndotoni? Hapo getini hutoki hata kwenda chooni!" Akajibu kwamba abiria mmoja wa basi, aliyekunywa chai kwake, ndiye aliyemwambia.

Sasa sijui. Nirudi nyuma nikaulize, au nikae? Tunalala kwenye chumba cha matairi. Kibonge amekuwa mweusi ti kama fundi. Nguvu zimeniishia, Mama. Niambie wewe, nitafanya utakalosema. Kondakta anayekuletea hii ndiye atakayerudi na jibu.

Mwanao,
Mama Kibonge


22 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unanisema sana, lakini tumeshazoeana. Huyo mume wangu mdogo mpake mafuta kifuani, na mwambie nikimkuta amekonda naolewa kwingine.

Usitoke hapo. Mwanangu namjua. Utingo ndiye anayelala na gari, ndiye anayeulizwa turubai likichanika. Hata msiba wa baba yake alikuja na lori, akazika huku linanguruma barabarani. Blanketi liko hapo, atalifuata. Ukimfuata huyo abiria wa muuza chai mtapishana, afike akukose, nawe upotee na mtoto kwenye nchi za watu. Kaa. Kula. Krismasi ikiwakuta hapo, imbeni hata kama mko wawili.

Nimekaa mlangoni.

Mama yako


5 Januari

Mama,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Kama uko peke yako, mwite shangazi yake Kibonge msome pamoja.

Dereva alirudi baada ya mwaka mpya. Alipotuona alikaa kwenye ngazi ya lori akashika kichwa. Mwanao alishikwa na tumbo njiani. Kiwanda kilikuwa kinakaribia kufunga, mzigo unangojwa, kwa hiyo dereva akamshusha hospitali ya mji ule wa nyuma, akasema atampitia. Alipoegesha akapata lifti ya kwenda kwao, akajiambia hospitali ni bora kuliko chini ya lori. "Shemeji, nilijua anapona." Ndiyo kauli yake. Sikumpiga. Nilikuwa nimembeba mtoto.

Tulikwenda. Muuguzi anamkumbuka. Utumbo ulipasuka, na daktari wa kupasua alikuwa likizo ya sikukuu. Mlango ukifunguliwa tu, mwanao alikuwa anauliza kama gari limekuja. Alikata roho mkesha wa Krismasi. Ajali za sikukuu zikajaza chumba cha maiti, naye hakuwa na mtu. Wakamzika.

Barua yako iliponifikia, alikuwa bado hai. Nakuambia mimi, ili usije ukalipigia hesabu peke yako. Lakini nisikilize, Mama. Mimi ndiye niliyeshindwa kuamua, nikakutwika. Na uliposema nikae, nilifurahi, maana miguu ilikuwa haitaki tena. Usijitafune moyo. Nakukataza.

Utingo hayumo kwenye karatasi za gari. Dereva alipomwacha pale alitaja jina la utani tu. Kwenye kibao cha kaburi wameandika namba ya lori.

Siondoki hapa mpaka kibao hicho kibadilishwe.

Mwanao,
Mama Kibonge

Vya kumpa kondakta: dawa ya kikohozi ya Kibonge, ile ya chupa ya kahawia. Sweta lake. Gauni langu la pili, hili limechanika. Picha moja ya mwanao ambayo ametazama mbele, hospitali wanataka kuhakikisha. Mwaka aliozaliwa. Na majina yake yote: lake, la baba yake, na la babu yake ambalo sikuwahi kuuliza. Uyaandike wewe mwenyewe, kwa herufi kubwa, moja moja. Fundi wa vibao hajui lugha yetu, atachora kama atakavyoona.