Wote Wanatoka, Nabaki na Elektroni

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Mwandiko wako bado kama kuku kapekua. Magoti yanaendeleaje? Shemeji bado anakoroma? Mimi nipo, nakula, usingizi ndio haba.

Kile kidonda cha shavuni nilichokuambia ni chunusi, si chunusi. Daktari kasema ni saratani ya ngozi, inatibika kwa mionzi. Binti yangu akanipeleka. Wakanilaza, wakanibana uso kwa barakoa ya plastiki nisitikisike, kisha wote wakatoka wakafunga mlango mnene kama ukuta. Kama ni dawa, mbona wanaikimbia?

Kabla ya hapo nilimuuliza mama anayeendesha mashine atanipiga na nini. Akasema elektroni. Nikamwambia asinirushie maneno ya shule. Akacheka, akaeleza kuwa jina limetoka kwa Wagiriki wa kale. Ndivyo walivyoiita kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe, ambayo ukiisugua kwa kitambaa inanasa vumbi na nyuzi kwa umeme. Nikatulia. Shanga za kaharabu za marehemu mama nazivaa mpaka leo, hazijaniuma. Lakini mimi na mdomo wangu, nikauliza, na hiyo atomu ninayoisikia redioni je? Akasema maana ya jina ni kisichokatika. Nikauliza, na hakikukatika? Akakiri kuwa kilishakatwa zamani. Watu waliokosea jina la kitu chao wenyewe, leo wanakielekeza karibu na jicho langu!

Sasa sikia asilolijua binti yangu. Sijatibiwa. Siku ile nilipiga kelele wakanifungua kabla mashine haijawaka. Hospitali nikawaambia nasafiri. Tangu hapo binti ananishusha langoni kila asubuhi, naingia mbele, natokea nyuma, nakaa na wanaofua mashuka. Nyumbani nasema dawa inachoma, na wajukuu wananiita jasiri. Kidonda kimepanda, sasa kinavuta ukope. Juzi yule mama wa mashine kanikuta huko nyuma. Hakunikemea, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu kuwa nikizidi kuchelewa, jicho litakwenda.

Nimekubali kurudi Jumatatu. Naogopa, mdogo wangu. Yule mama kasema ndugu anaweza kukaa nje ya mlango akaongea nami kwa kipaza sauti. Binti yangu atalia tu. Wewe huna machozi, una mdomo. Maisha yote nimekukemea mimi. Njoo unikemee wewe, mpaka mashine izime. Sema lolote, hata yale ya harusi yako. Usinyamaze tu.

Wasalimie wote hapo, na shemeji apunguze chumvi.

Ni mimi dada yako,
Kichwa Kigumu