Mama, Haikuwa Matende

Mama yangu wee,

Huko uliko najua unanisikia, maana hata ulipokuwa hai nikiropoka Ruaruke ulikuwa unanisikia Kibiti. Haya, kaa vizuri, leo nina umbea wa miguu yako.

Si unaikumbuka ile mishipa? Imejisokota nyuma ya goti kama mizizi ya mkoko, kifundo kimevimba, ngozi imepiga weusi. Mtaa mzima wakasema matende hayo yanaanza. Ukaacha ngoma, ukaacha harusi, khanga ukaishusha mpaka inafagia vumbi. Raha yako ikabaki shambani, msimu wa kuamia ndege wa mpunga. Tukishapanda tu kichanjani, pale dunguni, unalala chali, miguu unaitundika kwenye nguzo, kamba ya madebe ya kufukuzia ndege mkononi. "Hapa ndo napumua," unasema. Mama mkweo akitokea, unaishusha mbio. "Mwanamke gani anawaanikia watu nyayo?" anakusema.

Sasa na mie, kwa kusimama stendi kutwa na karai la vitumbua, ikanitoka mishipa ileile. Shoga yangu Tatu akaiangalia: "We mwenzangu, matende hayo, kama mamako!" Nililia, mama. Umbea wa watu nautangaza, wangu nikaufungia ndani.

Mwisho nikajikaza, nikaenda hospitali. Dokta kanibonyeza, kacheka. "Mama, hii si matende. Mishipa inayopandisha damu imechoka. Damu ikituama chini miaka, ukuta wa mshipa unakuwa mnene, mgumu kama mpira mkongwe wa baiskeli. Usisimame mahali pamoja, tembea, vaa soksi ya kubana. Ukikaa, pandisha miguu juu."

Pandisha miguu! Nikacheka na machozi juu. Dawa ulikuwa nayo dunguni, sie tukakushusha!

Soksi nimezipata mnadani kwenye mitumba, si siku hizi serikali imesema ruksa kuuza kila kitu. Dokta kazikagua, kasema zinafaa. Mshipa hautarudi laini, lakini uvimbe unapungua. Matende sina, na kwa nilivyomweleza dokta miguu yako, hata wewe hukuwa nayo. Tatu nimemwambia. Kwa mdomo wa Tatu, sasa hivi mpaka Ikwiriri wanajua.

Hapa nakuandikia barazani, miguu juu ya gunia la mpunga. Mama mkwe kapita, kaziangalia nyayo zangu, kaguna.

Sikuishusha.

Nawe pumzika mama, uitundike kabisa.

Mwanao kitindamimba, yule msemaji