Mtu wa Moto Asiye na Treni

Mjukuu wangu Ngoie,

Mashine zikibadilika, je, tumtafutie mfanyakazi kazi nyingine au tumwache aende zake? Swali lako nimehangaika nalo tangu ujana. Hapa Kamina hatujambo. Dada yako amejifungua msichana, naye ana paji lako la uso.

Enzi za Zaire nilisimamia wafanyakazi wa reli. Zilipokuja treni za dizeli, Tata Kasongo, mchochea moto wa treni za makaa, alibaki bila kazi. Mkuu wangu alitaka arudishwe kwao Kabongo. Mimi nikampa ulinzi wa geti, naye akaja kunilalamikia:

“Mama, minyi siko mutu ya kukaa. Niko mutu ya moto!”

Basi nikamwombea nafasi kwenye tanuri la mikate la reli. Siku ya kwanza alipita ofisini amejaa unga, akicheka: “Zamani nilirudiaka ku nyumba mweusi, leo niko mweupe. Mama ya batoto atauliza: njo nani huyu?”

Nilijiona nimefaulu. Lakini kila treni ilipopiga honi, aliacha mikate, akatoka nje na kusimama mpaka ipotee. Je, nilimsaidia, au nilimpatia mshahara tu? Sijui hadi leo, mpenzi wangu. Sikumwuliza kamwe, kwa kuwa nilijua angenijibu kwa mzaha.

Nkambo wako akupendaye